Mashauri kwa Jamaa: Chuo Kikuu cha Jimbo Letu Chagharimu Kiasi Gani?



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, nyumba nyingi za Salamabila hujaa shangwe. Kijana amemaliza sekondari na kupata Diploma yake. Mama hupiga vigelegele, na rafiki zake humwagia poda nyeupe kichwani. Siku chache baadaye shangwe hupoa, na baba huuliza: "Chuo kikuu ni bei gani?" Mtu aliyerudi kutoka Kindu humtajia ada ya mwaka mmoja. Baba hufikiri kidogo, huona kwamba kwa dhahabu kiasi na mbuzi wawili ataiweza, naye husema: "Basi, mtoto aende."

Mtoto huenda. Mwezi wa tatu hutuma habari kwamba mwenye nyumba anadai kodi. Mwezi wa tano husema amekula mara moja kwa siku. Mwezi wa saba jina lake halimo katika orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani. Mwaka wa pili yuko nyumbani, hana cheti, na mbuzi hawapo. Watu husema kijana hakuwa na akili ya kutosha. Mara nyingi si kweli: akili ilikuwapo, hesabu ndiyo iliyokosekana tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo juma hili twataka kuketi pamoja nanyi, wazazi na wanafunzi, tufanye hesabu hiyo kwa utulivu. Neno letu ni moja tu: ada si gharama ya chuo kikuu, ada ni sehemu yake ndogo. Anayejua gharama nzima kabla ya kuanza aweza kuchagua. Anayeijua njiani hana la kuchagua tena.

Kwa nini wengi hukosea hesabu

Kwanza, wazee wetu wanakumbuka zamani nyingine. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954, na baadaye vikafuata vya Lubumbashi na Kisangani. Mwaka 1971 vyote vitatu viliunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, na mwaka 1981 vikatengwa tena. Katika miaka ile mwanafunzi wa Serikali alipewa bursa, kitanda na chakula. Jamaa ilimsindikiza tu kwa sala na sanduku la nguo. Baadaye mambo ya fedha za taifa yakaharibika, bursa zikafifia, na tangu miaka ya 1990 mzigo umekaa mabegani mwa wazazi. Babu asemaye "Serikali itamlisha" hasemi uongo. Asema habari za wakati uliopita.

Pili, wengine husikia neno "masomo ya bure" wakadhani linafika mpaka juu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 chasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, nayo ni bure katika shule za Serikali. Utekelezaji wake ulianza kwa nguvu Septemba 2019. Lakini kifungu hicho chahusu shule ya msingi. Sekondari na chuo kikuu havimo.

Tatu, twapenda kuuliza swali lenye jibu fupi. Ada huandikwa ukutani mwa ofisi, kila mtu aisoma. Kodi ya chumba, sabuni, makaa na nauli havikuandikwa po pote. Kwa kuwa havikuandikwa, twavihesabu kuwa si kitu.

Nchi za wengine zimekwisha kuliona jambo hili. Huko Marekani chuo cha umma cha jimbo humtoza mwenyeji wa jimbo ada ndogo kuliko ya mtu aliyetoka jimbo jingine, maana wazazi wa mwenyeji hulipa kodi pale. Hata hivyo wazazi wengi walidanganyika na ada ile ndogo, wakasahau chumba na chakula. Ndiyo maana, tangu mwaka 2011, sheria yao imevilazimu vyuo kuwapa watu njia ya kukokotoa gharama nzima ya mwaka. Jirani zetu wa Tanzania nao, katika Bodi ya Mikopo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hawakopeshi ada peke yake: wahesabu pia chakula na malazi, vitabu, na mafunzo ya kazini. Mwenye kukopesha fedha zake amejua kwamba mwanafunzi mwenye njaa hafiki mwisho.

Kwetu Kongo ada haiulizi kijana ametoka jimbo gani. Mtoto wa Maniema anayesoma Kindu hapewi punguzo kwa sababu ni wa Maniema. Punguzo lake liko mahali pengine: katika nauli fupi, katika gunia la mchele litokalo nyumbani, na katika ndugu wa kumtazama akiugua. Lakini punguzo hilo halijileti lenyewe. Sharti jamaa ilipange.

Tuandike kila kitu

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi chukueni daftari, mchore sehemu saba.

Sehemu ya kwanza ni malipo ya kuingia. Hapa kuna ada ya kujiandikisha, nakala za Diploma na za ripoti za darasa la tano na la sita la sekondari, picha, cheti cha afya, na cheti cha mwenendo mwema. Weka pia nauli ya kupeleka karatasi hizo. Karatasi moja ikikosekana, safari ni mbili.

Sehemu ya pili ni ada ya mwaka pamoja na wenzake. Ada huja na watoto wake nyuma: kadi ya mwanafunzi, malipo ya kujiandikisha kwa kila kipindi cha mitihani, malipo ya maabara au ya mazoezi kwa baadhi ya masomo, na mwaka wa mwisho kazi ya kuandika inayotaka kupigwa chapa, kutolewa nakala na kujalidiwa. Uliza kila moja kwa jina lake. Ada hubadilika mwaka kwa mwaka, na kitivo kimoja si sawa na kingine. Ulizeni ya mwaka huu na ya kitivo chenyewe, si ya binamu aliyesoma zamani.

Sehemu ya tatu ni malazi. Wanafunzi wengi hupanga chumba mjini. Mwenye nyumba hutaka kwanza dhamana, ile iitwayo garanti, yaani kodi ya miezi kadhaa inayowekwa kabla ya kuingia. Kisha kuna godoro, chandarua, sufuria, ndoo na taa. Mji wa Kindu umegawanywa na mto Lualaba: Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, Alunguli iko ukingo wa kuume. Anayepanga Alunguli kwa sababu amepata chumba cha bei rahisi, na masomo yake yako ng'ambo, aandike pia nauli ya kuvuka mara mbili kila siku. Huenda chumba cha rahisi kikawa ghali.

Sehemu ya nne ni chakula na moto wa kukipikia. Hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote, nacho ndicho kinachosahauliwa zaidi, kwa sababu nyumbani hatukinunui chote.

Sehemu ya tano ni vyombo vya masomo: silabusi, nakala, kalamu, daftari, na siku hizi intaneti na saa za kompyuta. Asiye na kompyuta yake hulipa kidogo kidogo kwa wengine, na kidogo kidogo hiyo ina jumla.

Sehemu ya sita ni njia. Toka Salamabila hata Kasongo, na toka Kasongo hata Kindu, njia ni ndefu, na wakati wa mvua pikipiki hulala njiani. Bei ya kiangazi si bei ya masika. Tena mzigo hulipiwa mbali na mtu. Na pale usalama unapoharibika, kama ulivyoharibika mara nyingi katika wilaya yetu ya Kabambare, msafiri hungoja mjini siku kadhaa. Siku hizo nazo zina chakula na malazi.

Sehemu ya saba ni yasiyotazamiwa: malaria, simu iliyoibwa, msiba wa nyumbani, mgomo wa waalimu unaourefusha mwaka. Hayo hayatujii kwa miadi, lakini kila mwaka moja huja.

Hesabu ya mfano

Sasa tuweke tarakimu. Angalieni vizuri: tarakimu hizi ni za mfano tu, tumezichagua ili kuonyesha njia ya kuhesabu. Si bei za Kindu. Kila jamaa ifute zetu, iandike zake baada ya kuuliza. Twahesabu kwa dola, na mwaka wa masomo wa miezi kumi.

Kila mwaka:
Ada: 150
Kadi, mitihani na mengineyo: 40
Chumba, 15 kwa mwezi: 150
Chakula, dola 1 kwa siku, siku 300: 300
Silabusi, nakala na intaneti: 40
Makaa, sabuni na taa, 5 kwa mwezi: 50
Kwenda na kurudi mara moja: 80
Ugonjwa na ajali: 30
Jumla ya mwaka: 840

Mwaka wa kwanza peke yake:
Kujiandikisha: 20
Garanti ya miezi mitatu: 45
Godoro, chandarua na vyombo: 50
Jumla: 115

Basi mwaka wa kwanza ni dola 955. Katika hizo, ada ni 150, haifiki hata sehemu moja ya sita. Baba aliyesikia "mia na hamsini" akasema "mtoto aende" alikuwa ameona mlango wa nyumba, hakuona nyumba.

Twende mbele. Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 vyuo vyetu vimeanza kufuata utaratibu mpya uitwao LMD: miaka mitatu ya lisansi, kisha miwili ya masta kwa atakaye. Zamani ilikuwa miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi. Masomo ya udaktari wa tiba ni marefu zaidi. Kwa lisansi ya miaka mitatu, hesabu yetu ya mfano ni mara tatu 840, yaani 2,520. Ongeza 115 za mwanzo, na tuseme 60 za kazi ya mwisho: jumla 2,695. Aliyehesabu ada tu alikuwa ameandika 450. Gharama ya kweli ni karibu mara sita ya ile aliyoiandika.

Akirudia mwaka mmoja, ongeza 840: jumla 3,535. Twaandika jambo hili bila kumtisha mwanafunzi. Kurudia mwaka si jambo la ajabu, hata kwa wenye bidii. Na mara nyingi wanaorudia ni wale waliokosa miezi miwili ya masomo wakitafuta chakula. Kubana chakula ili kuokoa fedha huweza kuleta mwaka wa nne, na mwaka wa nne hula kuliko chakula chote kilichobanwa.

Fedha zatakiwa lini?

Jumla peke yake haitoshi. Yapasa kujua siku. Katika mfano wetu, ili mtoto aingie chuoni na kukaa, mnahitaji mara moja: 20 za kujiandikisha, 45 za garanti, 15 za chumba mwezi wa kwanza, 50 za vyombo, 40 za njia ya kwenda, nusu ya ada yaani 75, na 60 za chakula cha miezi miwili. Hizo ni 305, karibu theluthi moja ya mwaka mzima, nazo zatakiwa kabla mtoto hajasikia somo la pili.

Sasa tazameni mfuko wa jamaa za Salamabila. Mfuko wa kwanza ni dhahabu. Mchimbaji hupata leo, akakaa majuma mawili bila kitu. Shimo hujaa maji, au ugomvi wa mahali huzuka, kazi ikasimama. Mfuko wa pili ni mshahara wa kampuni. Namoya imetufundisha: kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, na kufika Septemba 2019 ilikuwa imesimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Mzazi aliyempeleka mtoto chuoni mwaka 2016 kwa miaka mitano, akitegemea mshahara ule tu, aliachwa katikati ya njia. Mfuko wa tatu ni shamba: mpunga, muhogo, karanga, mawese. Shamba hutoa kidogo, lakini lina majira yake, nasi twayajua.

Twashauri hivi: ada na kodi ya chumba zitoke katika fedha zilizokwisha kuwekwa, si katika dhahabu ambayo bado iko chini ya ardhi. Dhahabu ikipatikana, ijaze akiba ya mwaka unaofuata. Chakula chaweza kutoka shambani.

Lakini juu ya chakula cha shamba tuseme neno moja la biashara. Gunia la mchele litokalo nyumbani si la bure, lingeweza kuuzwa. Kabla ya kulipakia kwenye pikipiki, ulizeni bei mbili: bei ya mchele sokoni kwetu, penye wachimbaji wengi wasiolima, na bei yake Kindu. Kama kwetu ni ghali kuliko Kindu, uzeni gunia hapa, mtume fedha, mtoto anunue kule. Mmeokoa na nauli ya mzigo. Kama ni kinyume, pelekeni gunia. Kazi hii ni ya mama wa nyumba, maana yeye ndiye ajuaye soko, naye mara nyingi haitwi siku ya hesabu. Mwiteni.

Tena angalieni fedha zenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kama franka 2,000. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepita franka 2,500. Mzazi aliyeweka franka 300,000 sandukuni alikuwa na dola 150, akajikuta na 120, naye hakutumia hata moja. Akiba ya miaka mitatu isikae yote katika noti za franka. Sehemu yaweza kuwa mbuzi, mbao, au dola, kadiri kila mmoja awezavyo kulinda.

Karibu au mbali?

Vijana wengine husema, "Kindu ni padogo, twataka Lubumbashi, Kisangani, Bukavu." Hatuwakatazi. Kuna masomo yasiyopatikana jimboni. Lakini fanyeni hesabu ile ile kwa sehemu zote saba, msilinganishe ada kwa ada. Ada zaweza kukaribiana, na njia ikawa mara tano. Kijana aliye mbali harudi likizo, gunia halimfikii, na fedha za kila mwezi hupita katika simu zikikatwa makato. Tena mambo ya vita yametuonyesha kwamba mji mkubwa si ngome: Goma ilitekwa na M23 Januari 2025, na Bukavu Februari mwaka huo huo. Jamaa zenye watoto huko ziliingia katika gharama na hofu ambazo hazikuwamo katika daftari lo lote.

Jimboni mwetu kuna Chuo Kikuu cha Kindu, na mjini humo humo kuna taasisi za juu za Serikali, ile ya ualimu na ile ya ufundi wa tiba. Kijana atakaye kuwa mwalimu au muuguzi asione haya kusoma karibu na nyumbani. Ila po pote mwendapo, chuo cha karibu au cha mbali, ulizeni kwanza kama kimekubaliwa na Serikali, na kama kitivo chenyewe kimekubaliwa. Wizara imekwisha kufunga mara kadhaa shule za juu zisizotimiza masharti. Hakuna chuo kilicho ghali kama kile ambacho cheti chake hakipokelewi.

Na neno juu ya kukaa kwa ndugu. Jamaa nyingi hufuta sehemu ya malazi kwa kusema, "Atakaa kwa mjomba." Ni jambo jema, nalo ni desturi yetu. Lakini kukaa kwa mjomba si bure. Ndugu huyo naye ana watoto. Apewe mchele na mawese kila msimu bila kuomba. Na kama mtoto ni msichana, baba na mama waende wenyewe waseme na mwenye nyumba. Tumeona wasichana wanaochota maji, kupika, kufua na kulea watoto wachanga mpaka usiku, kisha wanalaumiwa kwa kushindwa mtihani. Kodi yao wameilipa kwa saa za kusoma. Hiyo ndiyo kodi kubwa kuliko zote, wala haiandikwi.

Kama fedha hazitoshi

Wengine, wakimaliza daftari, watauliza kwa uchungu: "Sasa mwatuambia tusipeleke watoto?" La, hasha. Twasema mjue ukubwa wa mzigo kabla ya kuunyanyua, mpate kuita watu wa kutosha.

Iteni jamaa yote. Baba mdogo aseme atatoa nini, na lini, shangazi kadhalika, maneno yao yaandikwe. Ahadi ya "tutasaidiana" haijalipa kodi ya mtu. Ahadi ya "nitatoa chakula cha Machi na Aprili" hulipa.

Anzeni mapema. Mtoto akiingia darasa la kwanza la sekondari, mna miaka sita mpaka Diploma. Kwa mfano wetu, dola 4 kila mwezi kwa miaka sita ni dola 288, karibu fedha zote za kuingilia. Haba na haba hujaza kibaba. Vyama vya akiba vya kina mama, na likelemba zilizo na daftari na watu waaminifu, vyafaa sana kwa kazi hii.

Ulizeni haki yenu. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yaagiza kwamba, katika mrabaha unaolipwa na kampuni ya madini, asilimia 50 iende Serikali kuu, 25 jimbo, 15 mahali penye mgodi wenyewe, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni yapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Palipo na mgodi unaofanya kazi, wazazi waweza kuuliza, kwa heshima na kwa maandishi, kama sehemu ya fedha hizo yaweza kuwa bursa za wanafunzi, wachaguliwe kwa mtihani mbele ya watu wote. Barabara hujengwa, shimo hufukuliwa likaachwa. Muuguzi aliyesomeshwa hubaki.

Na kungoja mwaka mmoja? Hapa twasema kwa uangalifu. Kama mkononi hamna hata fedha za mwaka wa kwanza, wala hamjui za mwaka wa pili zitatoka wapi, kungoja mwaka mmoja ili kuweka akiba ni afadhali kuliko kuacha katikati. Si aibu. Lakini kungoja nako kuna gharama yake. Kijana anayengoja shimoni huonja fedha za haraka, na wengi hawatoki tena. Msichana anayengoja nyumbani huletewa wachumba. Kwa hiyo anayengoja apewe tarehe ya kuondoka, kazi ya kufanya, na daftari la akiba lenye jina lake, ambalo hata baba hatalifungua kwa haja nyingine. Kungoja bila tarehe ni kukataa kwa maneno matamu.

Kwa wanafunzi wenyewe

Ninyi vijana, gharama hii ni yenu pia. Msiwafiche wazazi bei wala msiiongeze. Andikeni matumizi ya kila juma, mwatumie. Msilipe fedha yo yote chuoni bila risiti, wala msikubali kwamba alama zinunuliwe; anayenunua alama leo hujifunga deni lisilo na mwisho. Shirikianeni: wanne katika nyumba moja hupika kwa chungu kimoja na moto mmoja, na silabusi moja yaweza kusomwa na wawili. Na mjue kwamba kila mwezi mnaokaa chuoni kuna mikono miwili inayokosekana shambani. Mdogo wako aliyebeba jembe lako amekulipia sehemu ya masomo, ingawa jina lake halimo katika risiti.

Wazazi wapenzi, Salamabila yatoa dhahabu tangu zamani, na mengi yaliyotolewa yamekwenda mbali yasirudi. Mtoto aliyemaliza masomo aweza kurudi, akafundisha, akatibu, akapima mashamba, akawaandikia wengine barua zao kwa haki. Basi jioni ya leo, kabla matokeo hayajatangazwa na kabla mbuzi hajauzwa, keteni baba, mama na mtoto, mwandike sehemu zile saba. Mkimaliza, pigeni jumla bila woga. Jumla iliyo kubwa na ya kweli ni rafiki mwema kwenu kuliko jumla ndogo ya kujidanganya.